Kiwavi wa Mndimu: Namna ya Kuanza Kupiga Picha za Karibu kwa Simu na Kuzihariri

Muheza, mkoani Tanga, ni nchi ya machungwa. Nyuma ya nyumba yetu upo mndimu mmoja, umenizidi urefu kidogo tu, na karibu yote niyajuayo kuhusu picha za karibu nimeyajifunzia kwenye mti huo. Anayeanza huwaza msitu wa mbali na kamera ya mamilioni. Mimi nakuomba uanze na mti mmoja unaoweza kuufikia kabla hujanywa chai, uende na simu uliyonayo, kisha uurudie kila siku kwa wiki nzima. Ukishajua mdudu fulani huamka saa ngapi, hula jani gani na hushtushwa na nini, picha yake utaipata. Usipomjua, lenzi ya bei yoyote haitakusaidia.

Basi nitautumia mndimu kuwa mfano wangu. Kama kwenu hakuna, mlimau, mchungwa au mchenza unatosha, maana kipepeo ninayemzungumzia hutaga kwenye ukoo wote huo.

Hatua ya 1: Mjue unayempiga

Umeshamwona. Ni yule kipepeo mkubwa mweusi aliyejaa madoa ya manjano hafifu, ambaye hata akitua kwenye ua hupigapiga mabawa bila kutulia. Wataalamu humwita Papilio demodocus, na ameenea karibu Afrika yote kusini mwa Sahara. Jike huzunguka mti akitafuta majani machanga, na akipata jani zuri hulitagia yai moja, akaenda zake. Yai ni la duara, manjano hafifu, dogo kama kichwa cha pini.

Kiwavi mdogo ana rangi ya kahawia na nyeusi yenye baka jeupe, na ukimtazama haraka utadhani ni kinyesi cha ndege kilichodondoka juu ya jani. Ndege naye hudhani hivyo, akampita. Akikua na kujivua ngozi mara kadhaa hubadilika kabisa: anakuwa wa kijani, mnene, na hulala kwenye kikonyo cha jani usimwone. Akisumbuliwa hutoa pembe mbili laini za rangi ya chungwa kutoka nyuma ya kichwa, zenye harufu kali. Pembe hizo ni silaha yake. Najua picha yake huvutia, lakini usimchokoe ili azitoe. Ukikaa karibu naye asubuhi nyingi, iko siku chungu au nyigu atamfanya azitoe mwenyewe, nawe utakuwepo.

Wakati mzuri wa kutafuta ni wiki chache baada ya mvua za vuli au za masika kuanza, mti unapochipua majani laini. Anza na majani yaliyotafunwa pembeni, kisha geuza macho kwenye majani ya jirani yake.

Hatua ya 2: Ipime simu yako

Kabla ya kununua chochote, weka rula mezani karibu na dirisha. Fungua kamera, sogeza simu polepole kuelekea namba za rula, na usimame pale zinapoanza kufifia. Rudi nyuma kidogo mpaka zisomeke vizuri. Huo ndio umbali wa karibu kabisa ambao simu yako inaona sawasawa, na kwa kamera kuu za simu nyingi ni kama sentimita 7 hadi 10. Ukariri kwa macho na mkono. Picha nyingi zenye ukungu hutokana na mtu kusogea kupita umbali huo, akadhani simu yake ni mbovu.

Simu nyingi za bei ya kati zina kamera ya ziada ya megapikseli 2 iliyoandikwa makro, yaani ya picha za karibu. Kwa maoni yangu, iache. Picha nzuri ya kamera kuu iliyopigwa kutoka sentimita 10, ukaikata baadaye, huwa safi kuliko ile. Simu za bei ya juu ni habari nyingine: zipo zinazotumia kamera pana kusogea mpaka sentimita 2 au 3, na hizo hutoa kazi nzuri, ila kivuli cha simu huangukia mdudu, nawe utalazimika kugeuka ili jua lije kutoka ubavuni.

Kitu kimoja kinachostahili pesa yako ni lenzi ndogo ya kubana, ile yenye klipu kama kibanio cha nguo. Chukua ya mara 10. Ya mara 15 na kuendelea inamtesa anayeanza, maana mtikisiko wa mapigo ya moyo tu unaharibu picha. Iweke katikati kabisa ya kamera kuu. Ukiona pembe za picha zimekuwa nyeusi, imekaa upande. Simu yenye kamera tatu huweza kubadilisha kamera yenyewe bila kukuambia, kwa hiyo ziba moja moja kwa kidole uone ni ipi inayofanya kazi. Ukiwa na lenzi ya mara 10 utakaa sentimita 2 hadi 3 tu kutoka kwa mdudu. Futa vioo vyote viwili kwa kitambaa laini kila unapotoka nyumbani. Alama ya kidole iliyopakwa mafuta hugeuza kila mwanga kuwa utusitusi.

Mwenye kamera ya kubadilisha lenzi na lenzi ya kawaida ya milimita 50 asikimbilie kununua lenzi ya makro. Pete za kurefusha, zinazoingia kati ya kamera na lenzi, ni za bei nafuu na hazina kioo ndani. Pete za jumla ya milimita 50 kwenye lenzi ya milimita 50 humtoa mdudu kwa ukubwa wake halisi juu ya sensa, yaani kile kibapa ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Anzia tundu la f/8 (tundu ni mlango wa mwanga ndani ya lenzi), kasi ya shata ya sekunde 1/200 (muda wa kupokea mwanga) na ISO 400 (wepesi wa sensa kuhisi mwanga). Ufahamu pia kwamba kwa ukubwa huo, hata kwenye f/8, sehemu inayoonekana kwa ukali ina unene wa kama milimita 1 tu. Kufunga tundu kupita f/16 huongeza unene huo kidogo, lakini picha nzima inaanza kulegea.

Hatua ya 3: Utafute mwanga kabla ya mdudu

Saa zangu ni kuanzia saa 12:30 mpaka saa 3 asubuhi. Wadudu wengi hawana joto lao wenyewe, hulipata kwa jua, kwa hiyo asubuhi bado wamepoa na hawana haraka. Upepo haujaanza, na umande bado uko juu ya majani. Huku kwetu jua hupanda haraka, na ikifika saa 4 mwanga unapiga kutoka juu: jani linang'aa kama bati, na chini ya kiwavi kunakuwa na kivuli cheusi ambacho hakuna programu itakayokiondoa vizuri.

Kama saa hizo huna nafasi, lainisha mwanga. Kata ubavu wa dumu jeupe la maji, lile linalopitisha mwanga, upate kipande cha ukubwa wa daftari. Mwombe mtoto akishike kati ya jua na jani, karibu kadiri inavyowezekana bila kuingia kwenye picha. Utaona kivuli kikiyeyuka na rangi ya kijani ikirudi. Kitambaa cheupe chepesi hufanya kazi ileile. Kisha, upande ulio gizani, weka upande wa ndani wa pakiti ya biskuti, ule unaong'aa, urudishe mwanga kidogo chini ya tumbo la kiwavi. Vitu hivi viwili vya bure vimenisaidia kuliko vifaa vyote nilivyowahi kununua.

Taa ya simu usiiwashe. Iko karibu mno na lenzi, inamchapa mdudu usoni na kuacha doa jeupe kwenye kila kitu chenye maji.

Kuna mwanga mmoja nisingependa uukose: jua la nyuma. Chuchumaa upande wa pili wa jani ili jua lipite ndani yake kuja kwako. Mishipa ya jani inaonekana yote, na kiwavi mdogo anakuwa mchoro mweusi juu ya kijani kinachowaka. Hapo punguza mwangaza kwenye skrini, la sivyo simu itajaribu kumwangaza kiwavi na kulichoma jani.

Hatua ya 4: Mkono, pumzi na fokasi

Hapa ndipo picha hupatikana au hupotea, kwa hiyo soma polepole.

Kwanza litulize jani. Chomeka kijiti ardhini, fungia kibanio cha nguo juu yake, kisha bana kwa upole kitawi, chini kidogo ya jani unalolitaka. Usibane jani lenyewe. Pili, jitulize wewe. Piga goti moja, egemeza viwiko kwenye mbavu au kwenye goti, na kama inawezekana gusa tawi lilelile kwa kidole kidogo cha mkono ulioshika simu. Tawi likitikisika nawe utatikisika nalo, na umbali kati yenu hautabadilika.

Sasa gusa jicho la mdudu kwenye skrini na usiondoe kidole mpaka simu ikuonyeshe kuwa imefunga fokasi (umbali ambao lenzi inaona kwa ukali) na mwangaza. Alama hutofautiana kwa simu, ila nyingi huonyesha kufuli au maandishi. Baada ya hapo usiguse tena skrini kutafuta fokasi. Sogea wewe: mbele milimita chache, nyuma milimita chache, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano, huku ukipiga mfululizo. Tumia kitufe cha sauti kufyatua, au kipima muda cha sekunde 2. Toa pumzi nusu, izuie, piga picha tano, pumua. Rudia.

Kwa nini jicho? Mtu huangalia jicho kwanza, hata la mdudu. Jicho likiwa kali, mgongo ukififia hakuna atakayelalamika. Kiwavi naye ana mtego: akiwa mkubwa, yale yanayoonekana kama macho mawili makubwa nyuma ya kichwa ni madoa ya kutishia tu. Kichwa chenyewe ni kidogo, kipo mbele kabisa, na mara nyingi amekiinamisha. Mimi hulenga mdomo unaotafuna, pale ukingo wa jani unapokatwa.

Kama unataka mwili wote uwe mkali, simu yako iwe sambamba na mwili wake. Kiwavi aliyenyooka kwenye kikonyo, ukimpiga kutoka ubavuni, mwili mzima uko umbali mmoja na lenzi. Ukimpiga kwa mshazari, utapata kichwa tu.

Usiongeze ukubwa kwa kuvuta kwa vidole viwili kwenye skrini. Simu inakata picha tu na kuijazia. Kukata utakata mwenyewe nyumbani, kwa utulivu.

Hatua ya 5: Angalia nyuma yake

Kabla ya kufyatua, toa macho kwa mdudu na utazame kingo nne za picha. Kuna kijiti cheupe? Kuna doa la anga linalong'aa? Nusu hatua kushoto mara nyingi inatosha. Kadiri kilicho nyuma kinavyokuwa mbali, ndivyo kinavyolainika, kwa hiyo chagua jani lililojitokeza nje ya mti, si lililozama ndani. Kama nyuma kuna ukuta au takataka, simamisha jani la mgomba nusu mita nyuma yake. Ukitaka weusi, tundika kaniki mahali penye kivuli. Yai la manjano juu ya jani changa, nyuma kaniki, ni picha ya kutundika sebuleni.

Shuka mpaka usawa wa mdudu. Picha iliyopigwa kutoka juu inaonyesha kile ambacho kila mtu aliyesimama amekwisha kukiona.

Hatua ya 6: Adabu ya mtini

Kwenye michungwa ya pwani wamo majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa nyumba. Siku moja niliegemea tawi bila kuangalia, wakaniingia shingoni, nikaangusha simu na lenzi ikavunjika. Tangu hapo huzunguka mti mzima kwanza, na nawaheshimu kwa sababu nyingine pia: kwenye minazi ndio wanaomwinda yule kunguni anayeangusha nazi changa. Wapige picha wakishona, ni kazi ya ajabu, wanatumia uzi wa mabuu wao. Lakini kaa kando ya njia yao.

Viwavi wenye manyoya usiwaguse kamwe, wengi huwasha vibaya. Na wasiowasha pia usiwaguse. Wapo wanaoweka wadudu kwenye friji ili wapoe na watulie, au wanaowahamishia kwenye ua zuri zaidi. Mdudu aliyepozwa namna hiyo hukaa kwa mkao ambao asingeukaa, miguu imekunjwa ovyo, na anayewajua wadudu huona mara moja. Zaidi ya hayo, kiwavi aliyeondolewa kwenye mndimu akaachwa kwenye waridi atakufa njaa. Ukisogeza jani ili upate nafasi, lirudishe lilipokuwa, maana ndilo lililokuwa linamficha.

Hatua ya 7: Chagua bila huruma

Asubuhi moja hunipa picha 60 au 80. Nazikagua jioni, si pale pale. Kuza kila moja mpaka uone jicho. Kama halina ukali, futa. Picha iliyokosa fokasi hairudishiwi ukali wake halisi na programu yoyote. Zikibaki tatu, umepata asubuhi njema. Ikibaki moja, ni hiyohiyo.

Hatua ya 8: Kuhariri, kwa mpangilio huu

Ninatumia Snapseed, programu ya simu ya kuhariri picha, ya bure na nyepesi. Lightroom ya simu nayo ina zana za msingi bila malipo. Weka mwangaza wa skrini katikati na uzime ule mwanga wa usiku wa rangi ya njano, la sivyo utasahihisha rangi ambayo haimo kwenye picha. Fanya kazi kwenye nakala. Picha ya asili iachwe ilivyo.

Anza kwa kukata. Ondoa kingo zenye makelele, mwachie mdudu nafasi mbele ya uso wake kuliko nyuma. Usikate zaidi ya nusu ya picha kama unataka kuichapisha.

Pili, mwangaza. Shusha sehemu zinazong'aa mpaka uone mishipa kwenye jani, kisha pandisha kivuli kidogo. Kidogo: Snapseed hupima mpaka 100, mimi nadra huvuka 25. Kivuli kikiondolewa chote, kiwavi anakuwa bapa kama stika.

Tatu, rangi. Chini ya majani mwanga wenyewe ni wa kijani, na simu nazo hupenda kukoleza kijani. Rekebisha uwiano wa weupe ukitumia kitu unachokijua: baka jeupe la kiwavi mdogo lazima libaki jeupe. Kisha punguza ukolezaji kwa 5 au 10. Najua hii inakwenda kinyume na hamu ya wengi. Linganisha na jani halisi mkononi mwako, utaniamini.

Nne, usafi. Chembe ya vumbi kwenye jani unaweza kuifuta kwa zana ya kuponya. Mguu wa mdudu, jeraha lake, tundu alilotafuna, viache. Hiyo ndiyo habari ya picha.

Tano, sehemu moja moja. Kwa zana ya kuchagua sehemu, weka nukta kwenye kichwa na uongeze mwangaza kidogo, weka nyingine nyuma na upunguze. Jicho la mtazamaji litakwenda unakotaka.

Mwisho kabisa, ukali. Mimi huishia 15 au 20. Kuza picha uangalie ukingo wa mwili: ukiona mstari mweupe unauzunguka, umezidisha. Ile zana inayozidisha maumbile na tofauti za mwanga picha nzima, inayopendwa sana na wapigaji wa mandhari, huwafanya wadudu waonekane wa chuma. Sijawahi kuihitaji.

Hifadhi mara moja tu ukimaliza. JPEG, aina ya faili ambayo simu nyingi huhifadhia picha, hupoteza kidogo kila inapohifadhiwa upya. Ukimtumia mtu kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, isibanwe.

Hatua ya 9: Kabla hujaiweka hadharani

Simu huandika mahali ulipokuwa ndani ya picha. Kwa kiwavi wa mndimu si neno. Kwa vinyonga wa milima ya Usambara ni jambo zito, kwa sababu wanakamatwa na kuuzwa, na picha yenye ramani humwonyesha mkamataji njia. Zima uandishi wa mahali kwenye kamera kabla ya kwenda msituni. Ukitaka kusaidiwa kumtambua mdudu, weka picha zako kwenye iNaturalist, mtandao ambako watu husaidiana kutambua viumbe, ambao huficha yenyewe mahali halisi pa spishi zinazojulikana kuwa hatarini.

Ukishazoea mndimu, panda Amani, juu ya Muheza kwenye Usambara Mashariki. Kule, kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, huota yale maua madogo ya zambarau ambayo leo yamejaa madirishani Ulaya na Marekani. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, aliyapeleka kwao, na mwaka uliofuata yakaitwa Saintpaulia kwa jina lake. Hayakimbii, kwa hiyo ni mazoezi mazuri ya mwanga hafifu: laza simu juu ya jiwe, funga fokasi kwenye vifuko vya chavua vya njano, tumia kipima muda. Usikanyage ukoka wa kijani juu ya mwamba kutafuta pembe bora.

Ila kabla ya safari hiyo, maliza kazi ya nyumbani. Kiwavi wako akishiba hujifunga kwenye kitawi kwa uzi mmoja unaomzunguka kama mshipi, na anageuka pupa, yaani ganda ambamo hugeuka kipepeo, la kijani au la kahawia kulingana na mahali alipo. Piga picha moja kila asubuhi kutoka pembe ileile. Tia alama ardhini pa kuweka goti. Siku ganda litakapofanya giza na madoa ya bawa kuanza kuonekana ndani yake, andaa kila kitu usiku, betri imejaa, lenzi imefutwa. Kesho yake uwe pale kabla jua halijachomoza. Akitoka, mabawa yatakuwa yamejikunja kama karatasi iliyolowa, naye atayaning'iniza mpaka yanyooke na kukauka. Muda wote huo hawezi kuruka.